Bendi Yetu Imezikwa Kanazi

Ijumaa usiku, Bakoba

Masikio bado yanavuma. Tumepiga onyesho letu la mwisho, kwenye ghala la kahawa Kanazi. Deo, mpiga ngoma wetu, kesho anakwenda seminari Rubya, na bila yeye hakuna bendi.

Gari lilikwama, tukabeba spika kubwa mabegani, imefunikwa kitambaa cheusi. Sisi wenyewe, kama kila onyesho, tumevaa nyeusi, nyuso tumepaka majivu. Kina mama wakatoka migombani, wakatufuata kimya na ndizi zao kichwani.

"Nani amefariki, mwanangu?" mmoja akaniuliza mlangoni.

"Bendi yetu, mama."

Nilijua atanitukana. Akatua ndizi, akaketi mbele kabisa. "Basi hatuondoki mpaka mzike."

Kesho sijui nitafanya nini na gitaa hili. Lakini hatukuwahi kujaza hata benchi moja, na leo wengine wamesimama.