Telefone ya Furaha

Jumapili, jioni

Nimechezesha mechi ya wanawake hapa kambi ya wakimbizi, Wakongo na Warundi, na dakika za mwisho nikawapa Wakongo wenzangu penalti. Wakashinda.

Warundi walinizunguka wakichora mraba hewani kwa vidole, ishara ya kudai video, kama walivyoona kwenye televisheni kule mjini Rwekubo, siku refa wa timu za taifa za wanawake alipokimbilia skrini na kubadilisha uamuzi wake. Nikawakaripia, "Hapa Nakivale hakuna skrini! Mucheze!"

Nadine, yule beki wa Warundi niliyesema ameshika mpira, ni jirani yangu. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Dada, uliona nini?"

Kumbe mdogo wangu Furaha alikuwa anarekodi kwa telefone. Tulipofika nyumbani akanionyesha.

"Dada, ule mupira ulimugusa kifua. Haiko mukono."

Nimeitazama video mara sita. Ni kifua.

Alhamisi nina mtihani wa marefa Mbarara. Mkufunzi anasema tukifaulu tunaweza siku moja kufika mechi za kimataifa, zenye kamera kila fasi ya uwanja. Mimi nimeogopa telefone moja. Je, wakufunzi wakiiona video hii huko Mbarara...

"Niifute?" Furaha akauliza.

Nikasema, "Futa." Akafuta mbele yangu.

Nilidhani hofu itaisha. Imezidi. Kesho asubuhi nitamkuta Nadine bombani, naye ataniuliza tena. Leo uwanjani sikuwa nimeona vizuri. Kesho sitaweza kusema hivyo.