Mkono wa Bi Somoe

Magomeni, Mtwara

Baba yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Usinijibu "salama" halafu nisikie kwa watu kwamba unapanda kwenda shambani na fimbo mbili. Mimi mwanao ni mzima wa mwili. Mengine soma mwenyewe, na tafadhali usimsomee mama, atakosa usingizi.

Nilikwambia kwenye simu kwamba Bi Somoe, msimamizi wetu kiwandani, alifariki na akazikwa kwao Ziwani. Ambacho sikukwambia ni kwamba nafasi yake nilipewa mimi, mgeni wa bara, kwa sababu nimesoma. Meneja alinipa hadi mwisho wa msimu. Kazi ikiharibika, nirudi Kondoa.

Chumba chetu ni cha kumenya korosho. Wanawake wanakaa kwenye meza ndefu, wanaondoa ile ngozi nyembamba kwa visu vidogo. Mkono ukiwa na wasiwasi korosho inapasuka, na iliyopasuka haina heshima sokoni.

Nikaanza na uongozi ninaoujua, yaani wako. Ulipokuwa nyapara wa barabara, sauti yako ilifika hadi jikoni kwetu. Basi nikafoka, nikagonga meza. Wakaitikia, "Haya, dada," wakainamisha vichwa, na korosho zikapasuka zaidi kuliko jana yake. Meneja akanipeleka semina. Mwalimu akatueleza kuna kiongozi wa amri, kuna wa kushirikisha, kuna wa kuwaachia watu wajiamulie. Niliporudi nikajaribu kushirikisha, nikaitisha kikao, nikawauliza wanataka nini. Hakuna aliyefungua mdomo. Walikuwa wanatazama kiti cha Bi Somoe, ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia, hata mimi.

Siku moja nikachoka kabisa. Nikakaa kwenye stuli mlangoni tangu asubuhi, sikusema neno wala sikunyanyuka. Kazi ikaenda vizuri ajabu! Wakati wa kula Bi Fatu, ambaye ndiye mkubwa wao kwa umri, akanisogezea bakuli lake la mihogo.

"Leo umetupitia vizuri, mwanangu. Nani kakufundisha?"

"Nimewapitia vipi, Bi Fatu?"

"Si huo mkono wako. Bega la kushoto, la kulia unaliacha na kazi yake. Marehemu ndivyo alivyokuwa. Hasemi kitu, anakuwekea mkono tu, unajua huyu kaniona."

Nikalirudisha tonge la muhogo kwenye bakuli. Ningesema sikunyanyuka, nani angeingia tena chumba kile? Nikamwambia asante.

Ikawa hivyo kila siku. Mimi nakaa mlangoni, wao wanapitiwa. Meneja amefurahi, amenithibitisha kazini, na anawaambia wasimamizi wengine waje waige mtindo wangu. Wanakuja kweli, wananitazama nimekaa, wanaondoka wakitikisa vichwa. Baba, nilikuwa naona aibu kuliko hofu.

Jumatatu nikaamua kazi hiyo niifanye mwenyewe, iwe yangu kweli. Nikanyanyuka, nikaenda nyuma ya Bi Fatu, nikamwekea mkono begani, la kushoto. Hakugeuka.

"Mbona unarudia, mwanangu? Umeshapita sasa hivi."

Nikainua macho. Kule mbele, mabega ya wanawake yalikuwa yanalegea, moja baada ya jingine, kuelekea dirishani. Nyuma yao hapakuwa na mtu.

Nilibaki nimesimama palepale, na nikagundua kwamba nangoja zamu yangu. Haikufika. Wote wanaguswa, baba, isipokuwa mimi. Ungedhani ningeshukuru, lakini inaniuma. Wao kuna anayewaona. Mimi ninayeitwa kiongozi wao, nakaa peke yangu mlangoni.

Nisalimie mama, umwambie kitenge chake nimeshakipata. Nisalimie kaka mkubwa na shemeji, na bibi mzaa mama, na uniambie kama bado anagoma kunywa dawa. Yule jirani yetu fundi cherehani mwambie sijaolewa, aache kuuliza.

Msimu ukiisha nakuja likizo. Najua wewe si mtu wa kushikanashikana, na hata siku naondoka ulinipungia ukiwa mbali. Lakini ukinipokea stendi, kabla hujauliza mizigo iko wapi, niwekee mkono begani.

La kushoto.

Mwanao akupendaye,
Zaituni