Saa Arobaini za Kalkulasi

Bwenini, 4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mama na wadogo zangu hawajambo, na kifua chako kimetulia. Mimi mwili mzima. Kichwani ndiko kuna ugonjwa.

Hapa fizikia inaanza na kalkulasi siku ya kwanza. Mhadhiri anaandika dv juu, dt chini, wenzangu wanatikisa vichwa kukubali, nami natikisa changu nisionekane mjinga. Jana aliniita ubaoni. Nikaona d juu na d chini, nikazikata zote mbili, kama ulivyotufundisha kukata herufi zinazofanana. Darasa zima lilicheka. Mhadhiri hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akauliza, "Binti, umesoma wapi?" Nikataja shule yetu. Kwamba mwalimu wangu ni baba yangu, sikusema.

Tafadhali nieleze hizo d ni nini, hata kwa kurasa mbili. Wewe ukieleza huwa naelewa. Jaribio ni mwisho wa mwezi, na anayepata chini ya arobaini mara mbili hufukuzwa.

Kifunguamimba wako

Nyumbani, 13 Februari

Kifunguamimba wangu,

Marahaba sana. Sisi wazima. Mama yako anakusalimu na ana hakika huli. Kifua changu bado kinapiga honi asubuhi, ila shuleni nafika kabla ya kengele.

Mwanangu, usitishwe na watoto wa shule za ghorofa. Debe tupu haliachi kuvuma. Nimefundisha fizikia miaka ishirini na saba bila kuzihitaji hizo d. Fizikia ni kuelewa kitu kinafanya nini. Hesabu ni viatu tu, ukivikosa utatembea peku lakini utafika. Kariri zile kanuni tatu za mwendo nilizokupa, weka namba zako, basi. Wanaocheka waache wacheke, meno ni yao.

Baba yako

Bwenini, 9 Machi

Baba,

Shikamoo. Msalimie mama, mwambie nakula. Kwa afya sijambo.

Nimepata kumi na moja kwa mia. Kanuni zako tatu nilizikariri zote. Zinafanya kazi pale kasi inapoongezeka kwa mchapuko usiobadilika, na kwenye lile jaribio ulikuwa unabadilika kila swali.

Mkuu wa idara aliniita. Ni mama wa makamo, mpole. Alifungua faili langu akanionyesha fomu ya mada tulizosoma. Mwandiko ni wako, na muhuri wa shule upo. "Kalkulasi: imefundishwa, saa arobaini." Baba, nilikaa dawati la mbele miaka miwili. Saa hizo arobaini nilikuwa wapi?

Nilimrudishia faili. Akasema lipo darasa la maandalizi, mwaka mmoja wa hesabu tupu, kwa wale ambao shule zao hazikufundisha. Nikiingia huko nafasi yangu chuoni haipotei. Inatakiwa barua ya mwalimu kwamba kalkulasi haikufundishwa, ifike kabla ya tarehe 30 kwisha. Iandike, baba. Nakupigia magoti.

Kifunguamimba wako

Nyumbani, 27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Nimechelewa kujibu, na wala sisingizii posta.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wa kalkulasi aliugua wiki ya pili. Hakuletwa mwingine, tukapewa alama za bure sote. Tangu hapo kila mwaka nikifika sura ile nairuka, nawaambia wanafunzi haitoki kwenye mtihani. Fomu nikaijaza hivyo kwa sababu bila saa arobaini chuo kisingemchukua mtoto yeyote wa kwetu, hata wewe. Nilidhani ukishaingia majini utaogelea mwenyewe. Nilikuonea haya wewe kuliko mtu yeyote duniani.

Barua nimeiandika mara nne nikaichana. Nikikiri nafukuzwa, na imebaki miaka miwili nistaafu. Mama yako na wadogo zako watakula wapi? Fanya kwanza jaribio la pili. Nipe muda kidogo.

Baba yako

Mjini, 18 Aprili

Baba,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Tarehe 30 nilisimama kwenye dirisha la posta mpaka walipofunga. Jaribio la pili nimepata tisa. Mkuu wa idara akaniita tena, akaniuliza uso kwa uso, "Mlifundishwa au hamkufundishwa?" Ile barua yako ya tarehe 27, uliyonikiria kila kitu, nilikuwa nayo mfukoni. Nikasema tulifundishwa, tena vizuri, mzito ni mimi. Akanipa karatasi yenye maneno hayo nikatia sahihi. Ndivyo nilivyofukuzwa.

Bweni nimehama. Nimepata kazi ya kupiga pasi mahali wanapofua shuka za hoteli. Nyumbani sirudi. Sikuchukii, ila kuketi meza moja nawe siwezi. Usinitafute kwa sasa.

Mwanao

Nyumbani, 6 Mei

Mwanangu kipenzi,

Sijui hata nikuulize afya kwa mdomo gani. Mama yako yupo, hasemi nami.

Juzi nilikwenda mwenyewe chuoni kwako, barua mkononi, na muhuri. Nilimweleza yule mkuu wa idara kila kitu, mpaka mkufunzi wetu aliyeugua. Akaisoma. Akafungua faili lako, akanionyesha karatasi uliyotia sahihi. Akasema kwa upole kabisa, "Mwalimu, hata mimi nina watoto. Mzazi yeyote angeandika hivi kumwokoa mwanawe." Nikaapa. Nikamwambia, nipe chaki, niulize swali lolote la kalkulasi hapo ubaoni uone kama nitaliweza. Akatabasamu. Akasema mwalimu wa miaka ishirini na saba hashindwi kujifanya hajui.

Nilizunguka kwa madobi wote wa mtaa wa chuo nikikuulizia. Hakuna aliyekufahamu.

Kazi bado ninayo, jana nimefundisha vipindi vitatu. Mwanangu, wa kuaminiwa umebaki wewe peke yako. Nenda ukawaambie, "Baba yangu ni mwongo." Sikuombi, nakuamuru kama mzazi wako. Barua hii naipeleka kwa anwani ya bweni ulilohama, maana nyingine hukunipa.

Baba yako