Kitenge Juu ya Sola

Jumatatu, 4 Agosti

Nyamizi kaning'ata bega sasa hivi. Kang'ata hasa, mpaka damu. Ni kwa sababu nilimnyang'anya plaizi ya baba yake. Nimempiga kakofi kadogo mkononi, halafu aliyelia ni mimi. Yeye wala. Kaninyooshea mkono, anataka plaizi yake. Hajafika miaka miwili, ana hasira za mtu mzima. Nampenda mpaka tumbo linauma.

Nimejipaka chumvi naendelea kushona. Nashona kifuniko cha sola ya Maganga. Kile kitenge changu cha zamani chenye maua mekundu, na ndani nimeweka kiroba cha unga kuzuia vumbi. Uzi mwekundu umeisha, nimemalizia na wa bluu. Hakipendezi ila ni kigumu.

Keshokutwa mume wangu anaondoka. Yeye ni fundi baiskeli pale Gongoni. Hii yake ameitengeneza mwenyewe: mota ya pikipiki ya umeme iliyokufa, betri za kompyuta mbovu, na sola juu kama paa. Ameingia mashindano ya safari za jua. Kila mtu anakwenda peke yake, njia anachagua mwenyewe, ila nguvu iwe ya jua tu. Hakuna kuchaji kwa mtu, hakuna kupakia kwenye lori. Maganga kachagua Tabora mpaka Bagamoyo, njia ya wapagazi. Babu wa babu yake aliipita na pembe ya ndovu begani. Akifika, wenye mashindano wanampeleka kusomea ufundi wa sola bila kumuuliza cheti. Sisi wote darasa la saba. Sioni mlango mwingine.

Nimemwambia kila akisimama afunike sola, watu wana macho. Kacheka. "Jua linafunikwaje, mke wangu?" Nikalia. Akasema basi, nitafunika.

Najua kulia kwangu kunamshinda.

Jumatano, 6 Agosti

Kaondoka. Nyamizi aling'ang'ania gurudumu, ikabidi kumbandua kidole kimoja kimoja. Hapa Isevya watu walitoka nje kuangalia. Vijana wa kijiweni walimpigia miluzi. "Maganga, likija wingu ushuke usukume!" Akawajibu, "Nitamwita mama yako anisukume." Vicheko. Mimi sikucheka. Nilimshika shati. Alininusa utosini kama anavyomnusa mtoto, akaenda.

Haina sauti ile baiskeli. Hicho ndicho kilichoniogopesha. Mtu anaondoka na husikii kitu.

Jioni kapiga. Kapita Igalula. Anasema makalio yanawaka lakini jua ni la kumwaga.

Alhamisi, 7 Agosti

Nilikwenda kwa mama, nyuma ya Ntalikwa, kuchukua karanga. Tunabangua, mwano ukapigwa. Ile sauti ya kuitana kukiwa na mwizi. Huko kwetu ukisikia mwano kila nyumba inatoka, usipotoka sungusungu wanakupiga faini. Nikatoka, mtoto mgongoni.

Walikuwa na kijana. Kakamatwa na sola ya kisima. Pampu inavuta maji kwa sola ile, na ni mara ya pili inaibwa. Walimpiga. Magongo, mateke, nusu tofali. Jino liliruka likaangukia karibu na mguu wangu, na nyama yake. Nyamizi alikuwa anajinyanyua mgongoni aone vizuri. Polisi walikuja wakamchukua anapumua kidogo.

Naandika ukweli kwa kuwa hasomi mtu. Nilifurahi. Nilipiga kelele na wenzangu, mpigeni, mpigeni. Mama yangu anatembea na ndoo kichwani kutwa nzima kwa ajili ya yule. Nimerudi nyumbani nimekula vizuri.

Maganga analala Tura. Sikumsimulia.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku mbaya. Lori lilimsukumia porini, vichaka vya kuelekea Itigi. Miiba imemchana mkono mzima. Na upepo. Anasema unaikamata sola kama tanga, umemtupa chini mara mbili. Anacheka anaponisimulia. Nataka kumpiga.

Mama Shani jirani ana simu kubwa. Alinionyesha mshindani mwingine, mwanamke wa ng'ambo, yuko katikati ya bahari peke yake na mashua ya sola. Ngozi imebabuka, midomo imepasuka, anatabasamu. Nikasema na sisi tunaye wetu. Mama Shani akasema, "Huyu akizama anatafutwa kwa ndege. Wako akifia Itigi atatafutwa na fisi."

Nilimzaba kofi. Sikufikiria, mkono ulikwenda wenyewe. Akanirudia na mwiko wenye ugali, kaniunguza shingo. Tumevutana nywele mpaka kuta za choo zikatikisika. Wapangaji ndio walituachanisha. Nyamizi alikuwa anapiga makofi.

Siombi radhi. Fisi!

Jumapili, 10 Agosti

Nilitoka kanisani. Bado nina sare ya kwaya. Simu ikaita, jina la Maganga. Nikasema haloo baba. Sauti ya mwanaume mwingine.

"Wewe ni nani kwa huyu?"

"Mke wake."

"Aa. Mke wa mwizi."

Nyuma yake kelele za watu wengi. Na mlio mwingine, kama watu wanapura mtama. Sikuelewa ni nini. Halafu nikamsikia Maganga, "Mama Nyamizi, waambie!" Ndipo nikaelewa kinachopurwa.

Yule mtu alikuwa anasema haraka haraka. Ni kijiji kimoja baada ya Itigi. Kisima chao kimeibiwa sola wiki hii. Leo wakaona mgeni kasimama karibu na duka lililofungwa, anafunika sola kwa nguo. Nikamwambia ni vumbi hilo! Anafunika vumbi! "Kama ni yake mbona kaificha?" Nikamwambia kifuniko hicho nimeshona mimi, maua mekundu, angalia pembeni nimemalizia uzi wa bluu. Nilisema kila kitu. Nilidhani nikisema kila kitu watamwachia.

Akaenda kuangalia, nikasikia nguo inakung'utwa. Halafu akawaambia wenzake, "Kumbe walipanga wote wawili. Mke ndiye kamshonea nguo ya kufichia."

Pakalipuka. Maganga akapiga yowe nisilowahi kumsikia, hata siku msumeno ulipomkata. Mtu akasema leteni petroli. Nilisikia vizuri, petroli.

Simu ikakatika.

Jumapili, jioni

Haipatikani. Haipatikani. Haipatikani.

Kifuniko. Ni mimi. Yeye hakutaka.

Jumatatu, 11 Agosti

Hakuna habari. Polisi wameniandika, wamesema watawasiliana na wenzao wa kule. Niliuliza lini, wakasema mama, nenda nyumbani ukanyonyeshe.

Nimechukua kisu nimekikata kitenge kilichobaki. Nimekikata vipande mpaka kisu kikaingia kiganjani. Nimevunja chungu. Nimevunja na kioo. Nyamizi amekaa kwenye kona na plaizi yake anasema baba, baba, anaipeleka sikioni kama simu. Hapo ndipo nilikitupa kisu.

Nawaza kwenda kuwachoma, watoto wao, maghala yao, wote. Sijui hata kijiji chenyewe kinaitwaje. Nikishafika kwenye kuwachoma naona lile jino. Najisikia mwenyewe nasema mpigeni. Nilikuwa na sauti nzuri, ya kwaya.

Mama Shani kaja na uji. Shavu lake bado lina alama yangu, shingo yangu ina alama yake. Kamlisha mtoto, kakaa na simu yake kubwa anapiga huku na huku mpaka chaji ikaisha.

Mungu, siombi mengi. Hata awe hana mikono. Nitamlisha.

Jumanne, 12 Agosti

YUKO HAI.

Ngoja niandike taratibu.

Namba ngeni ilipiga asubuhi nafua. Sauti ya bibi kizee, kali kama anagombana.

"Wewe ndiye mke wa huyu mla matobolwa?"

Matobolwa ni viazi vikavu, chakula chetu Wanyamwezi. Nikasema ndiyo, shikamoo.

"Marahaba. Njoo uchukue mzigo wako, ananimalizia uji hapa hospitali."

Nilipiga kelele, Mama Shani akaja mbio na mwiko tena, akidhani nimevamiwa. Tukakumbatiana, mwiko katikati.

Anaitwa Bibi Yudita, Mgogo. Alikuwa uani kwake anapepeta. Akasikia watu wanapiga mwizi, akasema vizuri. Halafu akamsikia mwizi analia "mayu! mayu!" Kinyamwezi, anamwita mama yake. Bibi anasema moyo ulimruka. Mnyamwezi! Akatupa ungo akaingia katikati ya magongo, na la kwanza lilimpata yeye begani. Akamkalia Maganga. Kamkalia kabisa. "Mungu kanipa matako, nikayatumia."

Akawatukana wote. Akasema huyu ni mtani wangu. Hawa walikuwa wanapita hapa na mizigo ya watu wanatuibia maboga, na sisi tunawaibia vitambaa, tangu hapo ni watani. Wa kumpiga ni mimi. Wa kumzika ni mimi. Nani kaja kuniomba ruhusa? Akavua kandambili akamchapa nayo Maganga kichwani, pa, pa. "Mwizi wa maboga wewe! Hata kuiba hujui, unakuja na baiskeli yenye paa!"

Mmoja akacheka. Akacheka na mwingine. Mambo ya utani, hata ukiwa na hasira gani huruhusiwi kukasirika. Yule aliyeshika kidumu cha petroli alicheka wa mwisho, bibi anasema alimkazia macho mpaka akacheka. Kidumu kikawekwa chini.

Mkono umevunjika, na mbavu. Jicho moja halifunguki. Sola wameipiga mawe. Lakini yuko hai, yuko hai, anakunywa uji.

"Nadai mbuzi," akasema bibi. "Jike. Mwenye mimba."

Nikamwambia nitakupa na beberu, mla mlenda wewe. Sijui ujasiri nilitoa wapi. Kacheka mpaka akakohoa.

Jumamosi, 16 Agosti

Wameshuka kwenye treni. Bibi kamleta mwenyewe, hospitali ilitaka mtu wa kumsindikiza. Baiskeli kwenye behewa la mizigo. Mkono wa Maganga umefungwa shingoni kwa kile kitenge. Bibi ndiye alimfunga nacho siku ile ile. Damu imekaukia kwenye maua, huwezi kujua lipi ni lipi.

Nyamizi alimwona akapiga mayowe, akajificha kwenye sketi yangu. Uso si wa baba yake. Maganga aligeukia ukuta wa stesheni. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Nilimwambia kifuniko ni mimi. Akasema nyamaza, Mama Nyamizi. Nikasema tena. Akaninusa utosini.

Jumapili, 17 Agosti

Leo kimya. Sikwenda kanisani.

Wamekaa uani, jua la asubuhi. Kioo cha sola kimepasuka kote kama utando wa buibui, mimi ningeitupa. Maganga kaunga nyaya kwa mkono mmoja. Alihitaji plaizi, akasema tu, hakumwambia mtu. Nyamizi alisimama mbali, anamtazama. Halafu akaenda, hatua ndogo ndogo, akaiweka pajani kwake akakimbia. Akarudi. Sasa kamwegemea upande usiouma. Taa ndogo imewaka. Hafifu, lakini imewaka. Maganga anasema nusu ya sola bado ni hai.

Amepanda treni, kwa hiyo mashindano yamemtoka. Yule mwanamke wa baharini Mama Shani anasema anaendelea. Maganga akasema vizuri, mmoja wetu afike. Halafu akauliza kama upepo wa Ugogo unatulia mwezi gani. Najua nitashona kingine, na safari hii nitaandika jina lake juu kwa uzi mkubwa, na namba yangu, mtu asome toka mbali.

Jana nilimuuliza mama habari za yule kijana wa kisima. Yuko hospitali hapa hapa mjini, pingu kitandani. Mwizi ni mwizi kweli, sola ya kisima kweli. Ndugu zake hawajaja. Hakuna mtu aliyemkalia yule.

Nimepika uji mwingi, nimetenga kwenye chupa. Anaweza kunywa bila meno. Sijui watanikubalia kuingia. Sijui nitamwambiaje. Nafikiri nitamwambia tu kwamba siku ile mimi nilikuwa

Bibi Yudita anaita jikoni. "We mke wa mpagazi! Ugali wako unaungua na mimi ni mgeni hapa!" Naenda. Nilitaka tu kumaliza, kwamba nikifika pale kitandani, kabla ya uji, nitamwomba radhi, maana mpigeni ile ilikuwa sauti yangu.