Gogo Lisilotaka Kuzama

Jumapili, 2 Machi

Nimelipata! Gogo zuri, matawi mawili yaliyopinda, na uwazi katikati wa samaki kupita. Lilitupwa na maji ukingoni mwa mto. Nikampigia papo hapo daktari wa meno aliyenipa kazi ya kupamba tangi la samaki la kliniki yake: gogo lipo, limekaa majini miaka, ni kulitumbukiza tu kwenye tangi. Akasema safi sana, kliniki mpya inafunguliwa Jumamosi tarehe kumi na tano.

Kazi yangu ya kwanza bila bosi. Siku nilipoacha kazi kwenye duka la samaki wa mapambo, bosi alisema mwezi hautaisha kabla sijarudi kumwangukia miguuni. Tutaona!

Jumatatu, 3 Machi

Nimelisugua kwa brashi ya kufulia. Nimechokonoa maganda kwa bisibisi mpaka vidole vinauma. Halafu nikalitia kwenye pipa la maji — linaelea! Tena si kidogo, linaelea kama bata.

Mama mkwe alikuwa mlangoni anachagua maharage. Alicheka hadi akashika mbavu. Eti, mwanangu, si mto umelileta likielea? Leo wewe ulizamishe?

Hilo sikulifikiria. Kwa kweli, hata kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Nachemsha. Sufuria kubwa ya mama mkwe, na bado tawi moja liko nje. Nachemsha upande huu, nageuza, nachemsha ule. Maji yamekuwa kama chai ya rangi. Nyumba inanuka majani yaliyooza. Baba watoto kauliza kama ndiyo mboga ya leo. Nimemnunia.

Ijumaa, 7 Machi

Linaelea.

Jumapili, 9 Machi

Ncha moja imegusa chini! Nyingine iko juu. Nikilikandamiza linatulia kidogo, kisha linapanda polepole, utadhani linanikomoa.

Wanaojua huloweka hata miezi miwili. Mimi nina siku sita. Ningesema ukweli Jumatatu ile, daktari angenisubiri, si mtu wa makuu. Sasa kila siku ikipita, naona aibu zaidi kuusema.

Jumanne, 11 Machi

Daktari kapiga simu. Wenzake wawili wanataka tangi kwenye kliniki zao, hili likipendeza. Akauliza gogo linaendeleaje. Nikajibu: salama kabisa.

Mdomo wangu jamani!

Jumatano, 12 Machi

Nimetafuta bamba la jiwe, nikalitoboa, nikalikaza gogo juu yake kwa skrubu mbili zisizoshika kutu. Pipani — likazama! Mama mkwe kapiga kigelegele. Nami nikapiga.

Ila najua halijazama. Limefungwa tu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimelipanga kwenye tangi la kliniki. Bamba nimelifukia chini ya changarawe. Mbele nyasi fupi, shina moja moja kwa kibano, saa nne nzima nimeinama. Nyuma majani mapana. Samaki wataletwa baadaye, maji yakishatulia. Mpokezi alisimama akitazama, akasahau simu inalia. Kwa mara ya kwanza nimejiona fundi.

Jumamosi, 15 Machi

Mwandiko mbaya. Naandika kwa mkono wa kushoto, daftari liko juu ya kabati la tangi. Wa kulia uko majini hadi kwenye kiwiko.

Skrubu moja imechomoka. Kuchemsha kote kule kumelilainisha gogo. Nikiachia tu, linanyanyuka upande huo, linafumua changarawe, na nyasi za mbele zinang'oka zote. Nililiachia mara moja nikaona. Nimezirudisha zilizong'oka, mkono sijautoa tena.

Mpokezi kapita, kauliza mbona bado narembesha. Nikasema namalizia. Nusu saa sasa namalizia! Vidole vimekunjamana. Naogopa, naogopa kweli.

Daktari naye kaja. Kaona maji yananichuruzika, kasema subiri nikuletee taulo, upige picha na sisi. Akirudi namwambia. Daktari, gogo hili halikuwa tayari hata siku moja, nilikudanganya, nipe miezi miwili. Nayaandika ili nisije nikayageuza.

Namsikia kwenye korido. Hayuko peke yake — viatu vingi, vicheko. Anawaambia fundi wake huyu hapa, na wale wenzake wawili ndio hao mbele.

Ameninyooshea taulo, anasema: haya dada, toa mkono.