Gari Halitapita Langoni

Kawangware, Jumapili jioni

Kwako Baba,

Karatasi hii inakujia kwa mkono wa Shemeji Simiyu, ambaye anasafiri kesho asubuhi. Natumaini goti limepunguza maumivu na kwamba bado unagombana na Mama juu ya ile fimbo usiyotaka kushika. Sisi huku tu wazima, ila mafua kidogo. Sikupiga simu kwa sababu kwa simu kila ninachosema unajibu "sawa sawa", halafu Mama ananiambia baadaye kwamba hukusikia hata neno moja. Mama, ukimsomea hii usiruke mahali.

Jambo lenyewe nalisema mapema, usije ukalitafuta katikati ya maneno mengi. Gari halitakuja nyumbani. Nimelipeana bure.

Najua hapo umegeuka kuangalia lango. Mwaka nilipochukua lile gari, ulikata michongoma pande zote mbili kwa panga lako mwenyewe ili lipite bila kukwaruzwa. Tangu hapo mbuzi wa watu wanaingia kula kunde za Mama, na jirani yako Barasa anawaambia watu kwamba unangoja trela ya miwa. Wewe umevumilia. Hata kwenye simu huanza na "gari liko?", kisha watoto, kisha mimi, kama kuna muda.

Kazi ya teksi ya simu niliacha baada ya Pasaka. Mgongo ulikataa. Asubuhi nilikuwa nashuka kitandani kwa kushikilia ukuta, na mke wangu akasema nikiendelea hivyo atakuwa ananibeba. Sasa niko stoo ya duka moja la simiti hapa karibu, napokea mzigo. Gari nalo lilikuwa limechoka kuliko mimi. Kilomita laki tatu na ushee, Baba. Likiona kilima linachemka. Madalali walikuja wakalizunguka kama watu wa bucha wanavyozunguka ng'ombe mgonjwa. Ningejaribu kulileta huko lingefika likivutwa kwa kamba, Barasa acheke mpaka akae chini, na baada ya mwezi kuku wawe wanataga kwenye viti. Sikutaka hilo, kwako wala kwa gari.

Mjukuu wako Nekesa ndiye alileta neno. Unajua anasomea umekanika kule Sarang'ombe, Kibera, kwenye karakana ya nyuma ya kanisa. Wana injini moja tu juu ya meza, imefunguliwa na kufungwa mpaka bolti zimeisha meno. Akaniambia, "Baba, mwalimu anatafuta gari nzima, hata kama ni mbovu." Nililala na hilo neno siku kadhaa, kisha nikakubali.

Sasa sikia nilichofanya, na usinicheke. Nyumbani kwetu hatupeani kuku anayechechemea, si ndiyo? Basi nililipeleka kwanza kwa fundi wangu, Kamau. Tukabadilisha zile raba za magurudumu ya mbele zilizokuwa zinagonga, tukaziba rejeta iliyokuwa inavuja maji, nikaliosha mpaka chini. Nikaingia nalo Sarang'ombe likinguruma taratibu, wanafunzi wote wamesimama nje. Mwalimu wao ni mama mmoja mfupi anaitwa Achieng', sauti yake inafika ng'ambo ya mto.

"Lina shida gani?" akaniuliza.

"Halina shida yoyote, Mwalimu," nikasema, kifua mbele.

Wanafunzi wakaangaliana. Msichana mmoja akasema, "Ai, mzae, si ungeileta tu hivyo hivyo! Sasa tutatengeneza nini?"

Mwalimu akashika kichwa. "Baba Nekesa, mimi niliomba mgonjwa. Wewe umeniletea bwana harusi!"

Nekesa hakujua aangalie wapi. Nikarudi mbio Kawangware kumwomba Kamau vile vitu vya zamani. Sijamaliza hata salamu, akaruka juu: "Wekesa, haki ya Mungu sijakuibia! Hizo spea ni mpya kabisa!" Nikamwambia najua, nataka zile mbovu. Aliniangalia sana, Baba. Akanitolea kwenye gunia, na nikiondoka nikamsikia akimwambia mwenzake kwamba kuacha kuendesha kumeniharibu akili.

Tukalirudishia gari magonjwa yake. Kisha Mwalimu akaniambia niendeshe polepole, na Nekesa akatembea kando akisikiliza, kichwa kimeinama. "Mbele, kushoto," akasema. Ilikuwa hapo hapo. Kelele hiyo mimi niliishi nayo karibu mwaka mzima, nikiongeza sauti ya redio nisiisikie. Nilijivunia huyo mtoto kuliko nilivyowahi kujivunia gari.

Lakini walipoinyanyua injini kwa mnyororo, nilishindwa kutazama. Nilitoka nje nikisema napigiwa simu. Hakuna aliyepiga. Nilisimama kando ya ukuta nikalia, mtu mzima na mvi zangu. Lile gari limelisha watoto wangu.

Hapo ukutani ndipo hesabu nyingine ilinijia. Kila mwaka nimekuwa nikikwambia nitakuja Krismasi, nikija na gari. Na kila Krismasi ndipo kazi ilikuwa nyingi, kwa sababu watu wote wanaenda kwao. Mimi ndiye nilikuwa nawabeba na mabegi yao mpaka steji ya basi, nawashusha, nawaambia wasalimie wazazi, kisha narudi kutafuta wengine. Nimesindikiza Nairobi nzima kwenda nyumbani, na mimi sijafika kwako tangu ukate ile michongoma. Nilikuwa nangoja kuja na kitu cha kupita kwenye lango lako. Hilo linaniuma, Baba, kuliko gari.

Msalimie Mama kwa kunde zake. Dada yangu Nafula, yule wa kushona, mwambie sare za watoto ziliwatosha. Mjomba anayelinda zahanati nampa mkono. Barasa pia msalimie, na umwambie trela imeharibika njiani.

Nimeomba ruhusa kazini. Simiyu akishafika kwenu Jumatatu, mimi nafika Ijumaa. Nitashuka pale barabarani na nitatembea. Kabla ya hapo, panda tena michongoma, mbuzi wamwache Mama. Niachie tu mahali pa kupita mtu mmoja na begi.

Mwanao anayekuja kwa miguu,
Wekesa