Sinema za Kabla ya Honi

Bweni la wafanyakazi wa dobi,
Chumba cha nyuma, upande wa matangi.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu ukiwa umekaa. Nakujua wewe, husoma umesimama huku sufuria iko motoni, halafu unalalamika sikuandika jambo fulani na kumbe niliandika. Kaa kwanza. Hujambo? Shemeji hajambo? Wapwa zangu wazima? Kile kikohozi cha mdogo kimeisha, au bado kinaamsha nyumba nzima? Mimi mwili upo. Mgongo unanung'unika, vidole vimechubuka kwa sabuni, lakini nakula na nalala, kwa hiyo usiseme nimekonda kabla hujaniona.

Mama sijamwulizia hapa juu pamoja na wengine. Nitamfikia.

Barua anakuletea fundi wa boila, yule mrefu niliyekuambia anakoroma kuliko boila lake. Mkataba wake umekwisha, anarudi nyumbani. Mpe maji, mpe chakula, na usimchimbe sana kuhusu mimi, maana ni mtu asiyejua kuficha. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatuzungumzi. Mama anakaa pembeni yako masikio yameelekea kwenye spika, wewe unakimbilia jikoni kunong'ona, nami huku nyuma yangu watu wamejipanga wanasubiri simu hiyo hiyo.

Uliuliza kama bado tunaangalia sinema, kwamba Mama anadai simulizi zake. Tunaangalia. Zamu yetu ni ya jioni. Tukishaoga na kula tunakaa ukumbi wa chakula, Mpishi anachomeka flashi kwenye televisheni, tunaangalia mpaka basi la kazini lipige honi. Dereva hana huruma. Awe anakufa mtu, awe anafufuka, honi ikilia tunainuka. Tangu nimefika huku, Dada, sijaona mwisho wa sinema hata moja.

Miisho tunaitengeneza wenyewe ndani ya basi. Kila mtu anatoa wake, wanabishana mpaka getini kama walioitengeneza hiyo sinema. Anayeiona yote ni Mpishi, huku akisugua masufuria, na tukirudi tunamwuliza. Lakini Mpishi hana ulimi wa kusimulia. Unasimama mbele yake na sahani, unamwuliza, "Yule dada wa gauni la kijani, ilikuwaje?" Anakujibu, "Alikufa. Nikuongezee maharage?" Basi, imekwisha. Umetoa machozi kwa ajili ya mtu, unapewa kifo chake pamoja na maharage.

Lugha ya sinema zenyewe hatuijui. Mwenzangu wa kitanda cha chini, tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, ndiye anayetutafsiria. Anasema aliijua lugha hiyo alipokuwa akifagia ofisi ya wenye nayo. Kuna siku mtu kwenye sinema aliongea maneno mengi, Redio akatafsiri, "Anasema sawa." Watu wakamrushia viatu.

Sasa maoni yangu. Wiki hii tumeona tatu ninazozikumbuka.

Ya kwanza ni ya jambazi mmoja mwema, mwenye shati jeupe. Anapigwa risasi na kundi zima na hakuna hata moja inayomgusa, ila zake yeye zinajua njia. Hilo nilimsamehe. Nilichoshindwa kumsamehe ni shati. Anagaagaa kwenye matope, anavuja damu puani, anaanguka kwenye pipa la mafuta machafu, halafu anatokea hotelini shati linameta. Ukumbi mzima ulipiga kelele, maana sote ni watu wa kufua. "Nioneshe dobi wake!" akasema baba mmoja wa kwenye mashine za kukaushia. Damu ikishakauka kwenye kitambaa cheupe unailoweka kwenye maji baridi, unaisugua, unairudia, na bado kivuli kinabaki. Yule alitoka nje ya pipa akiwa amepigwa pasi. Sinema mbovu. Mama mwambie tu kwamba mwema alishinda, nadhani. Mpishi alisema, "Kila mtu alikufa," lakini siku hiyo alikuwa amekasirika.

Ya pili ni ya mapenzi, nisingekusumbua nayo kama si kitu kimoja. Kijana wa watu anafanya kazi kiwandani, anapata habari kwamba baba yake anaumwa. Anakwenda kwa bosi wake, kofia mkononi. Bosi anainuka kwenye kiti, anamshika bega, na kwa tafsiri ya Redio anamwambia, "Nenda nyumbani kijana wangu, kazi itakusubiri." Dada, tulicheka. Mtu alidondosha kikombe. Mpishi, ambaye hacheki, alirudisha nyuma ili tuione tena, tukacheka upya. Redio akapanda juu ya benchi, akauliza, "Jamani, mwulizeni huyo bosi kama anaajiri!"

Nilicheka na mimi. Lakini kesho yake niliamka nikiwaza, labda hatujawahi kumwomba wetu vizuri. Nikavaa shati langu la kutokea, nikamwendea Msimamizi wakati anapanga mikokoteni ya mashuka. Sikuwa na kofia, nikashika glavu.

"Mama yangu anaumwa," nikamwambia.

"Pole sana. Mkataba wako umekwisha?"

"Bado."

"Sasa mbona unaniuliza mimi?"

Akaendelea kusukuma mikokoteni, kisha akasema bila kugeuka, "Kwenda unaweza kwenda. Kurudi ndiko hutaweza." Usimchukie, Dada. Wanasema mama yake mwenyewe alizikwa yeye akiwa hapa hapa, amesimama kwenye ile pasi kubwa ya mvuke, na hakuna aliyejua mpaka alipomaliza zamu. Nisingeweza kugombana na mtu wa namna hiyo. Na wewe unajua kwamba nikiondoka bila kurudi, sindano za sukari za Mama zitabaki juu ya mgongo wa Shemeji peke yake, naye ana wake wa kutazama. Nilirudi kwenye mashuka.

Nikuambie kuhusu mashuka. Ya hoteli hayana neno. Ya hospitali yanakuja kwenye mifuko ya rangi yake, na mimi ndiye niliyewekwa kuyafungua. Katika sinema mgonjwa analala kwenye shuka lisilo na kunyanzi, uso umepakwa poda, anafumbua macho na kutabasamu. Mimi naona yale yanayobaki mgonjwa akishaondolewa. Kuna mengine yana doa upande wa miguuni tu. Hayo nikiyashika mikono inakuwa mizito, na wa nyuma yangu anaanza kuniuliza kama nimelala.

Ya tatu ndiyo iliyoniharibu. Kuna mzee mgonjwa, amegoma dawa mpaka mwanawe aliye mbali arudi. Watoto waliobaki nyumbani wanashauriana, wanatunga barua, wanamsomea kana kwamba imeandikwa na yule wa mbali: nakuja. Mzee anafufuka. Anakunywa dawa, anaomba anyolewe ndevu, anabebewa kiti mpaka mlangoni. Anakaa. Anakaa tena. Watoto wake wanatazamana nyuma yake, hakuna anayethubutu kusema. Mara mlango ukagongwa. Mzee akainuka kwenye kiti.

Honi.

Nilikataa kuinuka. Ni Redio aliyenivuta ukosi mpaka nje. Ndani ya basi kila mtu alikuwa na mwisho wake. Mmoja anasema ni mwana mwenyewe, mwingine anasema ni jirani amekuja kuazima chumvi, Redio akasema ni polisi, maana kwake kila mlango ukigongwa ni polisi. Tuliporudi nikamwendea Mpishi hata sahani sijashika. Akakuna kichwa. "Ile? Ile nilisinzia." Hajawahi kusinzia, Dada. Siku hiyo moja. Na flashi alikuwa ameshaifuta ili aweke nyingine. Nimeuliza mpaka watu wa bweni la pili, hakuna aliyeiona.

Unaelewa sasa kwa nini nakusimulia. Ulininong'oneza jikoni, "Mwambie unakuja. Akisikia unakuja atakubali wamkate huo mguu, mengine tutajua mbele." Na ukaniambia daktari amesema kidonda kinapanda, wakichelewa hawatakuwa na pa kukatia. Nimeyasikia yote. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nilichukua karatasi nikaandika, "Mama, nakuja." Nikaisoma kwa sauti nione inavyosikika. Redio akauliza kutoka chini, "Unakuja wapi?" Nikaichana.

Unamkumbuka Mama na sinia lake la karanga, nje ya ule ukuta wa jumba la sinema? Miaka yote ile hakuingia hata mara moja, maana sinia angemwachia nani. Alikaa chini mgongo umegusa ukuta, na sinema ikampitia mgongoni. Lugha haijui, picha haoni. Anafunga karanga kwenye karatasi, ghafla anasema, "Huyo mwanamume anamdanganya huyo mwanamke." Nasi tunawasubiri watu watoke, tunawauliza, nao wanashangaa: mlijuaje? Kwa sauti tu, Dada. Mtu wa namna hiyo mimi nimdanganye kwa sauti ipi?

Najua macho yake sasa ni ukungu na msomaji ni wewe. Ukitaka kumsomea nisichoandika, niko mbali, sina mkono wa kukuzuia. Wala sitakulaumu. Wewe ndiye unayefunga hicho kidonda kila asubuhi, mimi ninafungua mifuko ya mashuka tu. Pengine wewe una haki na mimi ni mwoga. Sijui. Nimefikiri mpaka kichwa kimekuwa kama ngoma ya mashine, kinazunguka na nguo zile zile. Ila sauti itakuwa yako, na sikio lile ni lile lile. Akikubali kwa uongo, halafu akazinduka bila mguu na bila mimi, nani atakaa naye mlangoni?

Msalimie Shemeji, mwambie deni langu kwake si la kulipika, na mzigo wa nyumba anaoubeba nauona kutoka huku. Wasalimie wapwa zangu wote, mkubwa aache kumchokoza mdogo. Msalimie shangazi wa jirani, yule anayeshinda kwenye benchi lake la nje, na umwambie utani wake bado nausubiri. Mungu akushike mikono, Dada, maana ndiyo tunayoitegemea wote.

Hapo juu ni pako. Sasa mwite Mama, mkalishe, mwinulie mguu juu ya mto, msomee kuanzia hapa.

Mama yangu, shikamoo. Ni mimi wa mwisho. Nakusimulia sinema fupi. Mzee mmoja aligoma dawa mpaka mwanawe aje. Wakamwambia anakuja, akakaa mlangoni akingoja. Mlango ukagongwa, na honi ya basi letu ikalia, nikaondoka. Aliyegonga simjui. Nimeuliza kila mtu.

Ninachokijua ni kwamba si mimi, Mama. Nimeomba ruhusa, sikupata. Ukinisubiri, huo mguu hautakusubiri. Nakuomba uende ukakatwe bila mimi. Siwezi kukushika mkono. Siwezi kubeba hata ndoo. Shuka utakalofunikwa litafuliwa na mtu mwingine, na mimi nitakuwa huku nafua la mama wa mtu mwingine, nitalifua vizuri.

Lakini wewe ulikaa nje ya ule ukuta na hakuna sinema iliyokupita. Sasa ni mimi niliye nje ya ukuta. Sioni kitu. Siku hiyo Dada ataweka simu karibu yako. Ongea kwa sauti. Lia kwa sauti, mtukane daktari ukitaka. Usininyamazie tu. Nitatambua kila kitu kwa sauti yako, kama ulivyokuwa ukitambua wewe, na basi lipige honi lisipige, sitainuka.

Akupendaye, mgongo umegusa ukuta,

Kitindamimba wako.